Mbunge wa upinzani na mtaro wa Bwaise: anaweza nini, hawezi nini?

Mvua kubwa ikinyesha Kampala, maji ya vilima vya Makerere, Mulago na Kyebando huteremka kuelekea bondeni, na bondeni ndiko Bwaise iliko. Mitaro hufurika, vyoo hufurika, na wapangaji wa vyumba vya chini hunyanyua magodoro juu ya meza. Mwenyeji na mkimbizi hukanyaga maji yaleyale.

Uchaguzi mkuu wa Uganda ulipangwa kufanyika Januari 2026. Wagombea walipita vichochoroni wakiahidi mitaro, taa, dawa hospitalini na kodi nafuu ya nyumba. Kwa muda mrefu sasa watu wa Kawempe wamekuwa wakipeleka wapinzani bungeni. Je, mbunge asiye wa chama tawala anaweza kuufanyia nini mtaro wa Bwaise? Na mtu asiyepiga kura, kama mkimbizi, ana nafasi gani katika kazi ya mbunge huyo?

Makala hii haimpigii debe mtu yeyote wala chama chochote. Inaeleza kazi inavyofanyika, ili usimdai mtu asichokuwa na uwezo nacho, na usimsamehe anachoweza kufanya.

Wabunge wa Kawempe

Bwaise iko katika Divisheni ya Kawempe, ambayo ina majimbo mawili ya uchaguzi: Kawempe Kaskazini na Kawempe Kusini. Kaskazini, Latif Ssebaggala alikaa bungeni tangu 2001 hadi 2021. Akafuatiwa na Muhammad Ssegirinya wa chama cha NUP. Kusini, Mubarak Munyagwa wa FDC alichaguliwa 2016, na 2021 nafasi yake ikachukuliwa na Bashir Kazibwe wa NUP. Munyagwa alikuwa meya wa Divisheni ya Kawempe kabla ya kwenda bungeni, na katika uchaguzi wa 2026 alikuwa mmoja wa wagombea urais.

Hawa ni watu wanaoyajua mafuriko ya Bwaise. Kama kuyajua tatizo kungetosha, mtaro ungekuwa umekwisha siku nyingi.

Hesabu ya viti

Tuanze na hesabu, kwa sababu bungeni mambo mengi huamuliwa kwa wingi wa kura. Uchaguzi wa 2021 ulileta Bunge la 11 lenye wabunge 529. Chama tawala, NRM, kilipata viti 336. NUP, chama kikubwa kuliko vyote vya upinzani, kilipata 57, na FDC 32. UPC na DP walipata tisa kila kimoja. Wabunge huru walikuwa 74, na jeshi lina wawakilishi wake 10.

Maana yake ni kwamba hata wapinzani wote wakisimama pamoja, na wabunge huru wote wakiwaunga mkono, bado hawafikii nusu. Hilo lilionekana tarehe 20 Mei 2025, Bunge lilipopitisha mabadiliko ya sheria ya jeshi yanayoruhusu raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi kwa makosa fulani. Miezi michache tu nyuma, tarehe 31 Januari, Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa hukumu dhidi ya mashtaka ya namna hiyo. Wapinzani walipinga, wakatoka nje ya ukumbi, na muswada ukapita. Mwezi uliofuata Rais akautia saini.

Kwa hiyo mgombea wa upinzani akikuambia, “Nikifika bungeni nitaizuia sheria fulani,” muulize kwa kura za nani. Kuzuia kwa kura ni vigumu sana kwake. Nguvu yake iko kwingine.

Nguvu ya kuuliza

Silaha kubwa ya mbunge wa upinzani Uganda ni kamati. Kwa kanuni za Bunge, kamati zinazochunguza matumizi ya fedha za umma huongozwa na wabunge wa upinzani. Ni utaratibu wenye busara: mwenye serikali asijikague mwenyewe. Chini ya Ibara ya 90 ya Katiba, kamati hizi zina mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi na kumlazimisha alete nyaraka. Ofisa mkubwa anayeweza kukataa simu ya mwandishi wa habari hawezi kwa urahisi kukataa wito wa kamati.

Kamati inayowahusu zaidi watu wa Kampala ni COSASE, inayokagua mamlaka na mashirika ya serikali. Mfano wake unaokumbukwa sana ni uchunguzi wa Benki Kuu ya Uganda, ulioanza mwishoni mwa 2018 chini ya Abdu Katuntu, mbunge wa FDC kutoka Bugweri. Kamati ilifuatilia jinsi benki saba zilivyofungwa, zikiwemo Greenland, Cooperative na Crane. Wananchi waliona kwenye runinga wakubwa wa Benki Kuu wakiulizwa karatasi zilizopaswa kuwepo na hazikuonekana. Taarifa ilitoka Februari 2019, ikasema sheria haikufuatwa ipasavyo katika kuzifunga benki hizo. Baada ya hapo Munyagwa wa Kawempe Kusini akachukua uenyekiti wa COSASE. Kuanzia 2021 kiti hicho kilishikwa na Joel Ssenyonyi wa Nakawa Magharibi, ambaye baadaye alikuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni.

Lakini angalia kilichofuata baada ya taarifa ya 2019. Kamati huchunguza, huandika na kupendekeza. Haimfukuzi mtu kazi, haimshtaki na haitoi fedha. Utekelezaji uko mikononi mwa serikali, na serikali isipotekeleza, taarifa hubaki kabatini. Ndiyo maana kuna pia Kamati ya Ahadi za Serikali, ambayo kazi yake ni kufuatilia yale ambayo mawaziri waliahidi mbele ya Bunge. Kwa mtu wa Bwaise kamati hii ina faida ya pekee. Waziri akisema bungeni kwamba mtaro fulani utajengwa mwaka fulani, maneno yake huandikwa katika kumbukumbu rasmi. Mbunge mwenye bidii huyarudia maneno hayo kila kikao, hadi waziri achoke au mtaro ujengwe.

Zipo njia nyingine ndogo: swali kwa waziri, hoja ya dharura, na taarifa ya wachache. Hii ya mwisho huandikwa na wanakamati wasiokubaliana na wenzao. Mara nyingi hushindwa kwenye kura, lakini hubaki katika kumbukumbu za Bunge, na mawakili na waandishi wa habari huja kuitumia baadaye.

Asichoweza: kutoa fedha

Sasa tuje kwenye mtaro wenyewe. Ibara ya 93 ya Katiba inasema Bunge haliwezi kujadili muswada wala hoja inayoongeza kodi au kuchota fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali, isipokuwa imeletwa kwa niaba ya serikali. Mbunge wa kawaida, awe wa upinzani au wa chama tawala, hawezi kuleta muswada unaosema, “Serikali itoe bilioni kadhaa ichimbe mtaro Bwaise.” Anaweza kushawishi, kubana na kuuliza wakati wa bajeti. Kuanzisha matumizi hawezi.

Tena mbunge wa Uganda hana mfuko wa jimbo kama ule wa Kenya, ulioanza 2003, au wa Tanzania, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Uganda ilijaribu mfuko mdogo wa namna hiyo zamani, ukaachwa. Kwa hiyo mbunge akileta magari ya kubeba wagonjwa, jeneza au karo, hizo ni fedha zake au za marafiki zake. Ni wema, lakini si kazi ya Bunge. Tena hali hii humwumiza mbunge: watu humpima kwa michango ya mazishi, huku maswali aliyouliza kwenye kamati hakuna anayeyahesabu.

Mtaro wa Bwaise uko chini ya nani basi? Uko chini ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA. Sheria ya KCCA ya 2010 iliweka pande mbili. Kuna upande wa kisiasa, wenye Meya Mkuu aliyechaguliwa na wananchi. Erias Lukwago, mpinzani, alikishika kiti hicho kuanzia 2011, pamoja na misukosuko ya kutaka kumwondoa. Kuna upande wa utendaji, unaoongozwa na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Fedha na wahandisi wako upande huu wa pili. Juu yao yuko Waziri wa Kampala. Miradi mikubwa ya mifereji, ukiwemo mfereji mkuu wa Lubigi unaopokea maji ya Bwaise, imegharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kupitia serikali kuu.

Tukio la Kiteezi lilionyesha mnyororo huu unavyofanya kazi, na unavyokatika. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kwamba dampo limejaa lilikuwa jambo linalojulikana kwa miaka. Mwezi uliofuata, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Rais aliwaondoa Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA, naibu wake na mkurugenzi wa afya. Wapinzani walikuwa na nafasi ya kuuliza kabla na baada ya maafa. Uamuzi wa kumwondoa mtu ulibaki wa Rais. Na taka zisipopata pa kwenda, huishia mitaroni, na Bwaise iko mwisho wa mitaro mingi.

Sheria ya pango: mahali ambapo maneno yana faida

Sheria inayogusa maisha ya kila siku ya mpangaji wa Bwaise ni ile ya Wenye Nyumba na Wapangaji. Ilipitishwa mara ya kwanza 2019, Rais akairudisha, Bunge likaipitisha tena, na 2022 ikawa sheria. Ulikuwa muswada wa serikali, si wa upinzani. Lakini muswada wa serikali hupita kamatini, na kamatini kila mbunge anaweza kupendekeza neno liongezwe au litolewe.

Sheria hiyo inasema kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inasema mpangaji asitolewe bila amri ya mahakama. Inatambua makubaliano ya mdomo na ya maandishi, na inataka maandishi pale pango linapofikia shilingi 500,000. Kinachomlinda mtu hapa ni upangaji wake, awe Mganda au Mkongo.

Hapa ndipo mbunge wa jimbo la watu maskini ana kazi ya kweli. Vyumba vingi vya Bwaise, ile mizigo ya chumba kimoja, pango lake liko chini sana ya hizo 500,000. Mpangaji wake ana makubaliano ya mdomo tu, na siku ya ugomvi ni neno lake dhidi ya neno la mwenye nyumba. Mbunge anaweza kumuuliza waziri sheria inatekelezwa vipi kwa pango dogo. Anaweza kuomba mafunzo kwa LC1, au kuleta mabadiliko yasiyogusa Mfuko Mkuu wa Serikali. Kazi hiyo haihitaji wingi wa viti kwanza. Inahitaji mbunge aliyeisoma sheria.

Kiti kinapokosa mtu

Yote haya yanadhani kwamba mbunge yupo. Watu wa Kawempe Kaskazini wanajua kwamba si lazima awepo.

Muhammad Ssegirinya alichaguliwa Januari 2021. Septemba mwaka huohuo alikamatwa pamoja na Allan Ssewanyana, mbunge wa Makindye Magharibi. Walishtakiwa kwa mauaji na ugaidi kuhusiana na watu waliouawa kwa mapanga eneo la Masaka, mashtaka waliyoyakana. Walikaa gerezani karibu miezi 17 hadi walipoachiliwa kwa dhamana Februari 2023. Ssegirinya alitoka akiwa mgonjwa, akatibiwa ndani na nje ya nchi, na tarehe 9 Januari 2025 akafariki dunia. Hukumu ilikuwa haijatolewa.

Tuliangalie jambo hili kwa upande wa jimbo. Katika muhula wa miaka mitano, Kawempe Kaskazini ilikuwa na mbunge gerezani kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha mbunge mgonjwa, kisha kiti kitupu. Mshahara wa mbunge unaweza kuendelea kulipwa akiwa hayupo, lakini swali la mtaro haliulizwi na mtu asiyekuwepo. Hakuna utaratibu wa kumpa mtu mwingine nafasi ya kuliuliza kwa muda.

Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 13 Machi 2025. Elias Luyimbazi Nalukoola wa NUP alitangazwa mshindi kwa kura 17,939 dhidi ya 8,593 za Faridah Nambi wa NRM. Siku hizo zilikuwa na vurugu, na waandishi wa habari walipigwa wakiwa kazini. Mei 2025 Mahakama Kuu ikafuta ushindi huo, naye akakata rufaa. Ukijumlisha kura za wagombea hao wawili hupati hata 27,000, katika jimbo lenye wapiga kura wengi mara kadhaa ya hapo. Wengi walibaki nyumbani. Kwa wengine ni kuchoka, kwa wengine ni hofu, na yote mawili hupunguza nguvu ya mbunge yeyote atakayesimama kusema, “Watu wangu wamenituma.”

Upinzani nao huulizwa

Ingekuwa makosa kuandika kana kwamba kila mpinzani ni mlinzi wa umma. Machi 2024 ilijulikana kwamba makamishna wa Bunge walikuwa wamejigawia kile kilichoitwa zawadi ya utumishi. Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani hadi mwisho wa 2023, alipata shilingi milioni 500. Chama chake, NUP, kilimtaka ajiuzulu ukamishna. Alikataa, akisema malipo yalifuata utaratibu wa Bunge.

Tukio hilo liliwagawa wapinzani, na pia lilitoa somo kwa mpiga kura. Vyama vyote vina watu wanaokaa meza moja ya posho. Njia ya kumjua mbunge ni kuangalia mahudhurio yake, maswali yake na kura zake. Katiba yenyewe inasema mbunge asiyehudhuria vikao 15 bila ruhusa ya maandishi ya Spika wala sababu ya kuridhisha anaweza kupoteza kiti.

Na mkimbizi je?

Mwaka 2025 Uganda ilikuwa ikihifadhi wakimbizi wapatao milioni 1.9, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wengi wako katika makazi kama Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Bidi Bidi, na zaidi ya 100,000 wako Kampala. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa takriban wakimbizi milioni moja kwa kukosa fedha. Wengine huona heri kutafuta kibarua mjini, na mjini chumba cha bei nafuu mara nyingi kiko bondeni.

Mkimbizi hapigi kura. Zaidi ya hapo, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamkataza kushiriki shughuli za kisiasa ndani ya Uganda, kitaifa na hata mtaani. Hili lichukuliwe kwa uzito, hasa msimu wa uchaguzi. Usivae fulana ya mgombea, hata ukipewa bure. Usibebe bango, usiende kwenye maandamano, usisambaze matangazo ya chama kwenye makundi ya WhatsApp. Kijana akikuita ukapige kelele kwenye mkutano kwa elfu tano, mwambie, “Samahani ndugu yangu, sheria hainiruhusu.”

Lakini kukatazwa siasa si kukatazwa kusema shida yako. Sheria hiyohiyo inamruhusu mkimbizi kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa. Kumweleza mwenyekiti wa LC1 kwamba choo cha pamoja kimefurika ni jambo la ujirani. Mwenyekiti huyo akiandika barua ya mtaa mzima kwenda KCCA, na nakala kwa mbunge, barua hiyo inabeba shida ya kila nyumba, pamoja na ya kwako. Ukiwa na wasiwasi kama jambo fulani ni siasa au siyo, uliza kwanza Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, au shirika linalokuhudumia.

Wenyeji nao wana sababu ya kutaka jirani yao mkimbizi ahesabiwe. Sensa ya Mei 2024 ilihesabu watu walioko Uganda, wakimbizi wakiwemo, na jumla ikawa kama milioni 45.9. Mtaro huchimbwa kwa kipimo cha watu na maji. Hospitali ya Kawempe hupangiwa dawa kwa kipimo cha wagonjwa. Mbunge akitaja bungeni idadi ya watu wote wanaoishi bondeni, hoja yake inakuwa na uzito zaidi kuliko akitaja wapiga kura wake peke yao.

Maswali ya kumuuliza mgombea

Kwa msomaji mwenye kadi ya kupiga kura, mgombea wa chama chochote akifika mtaani kwako, muulize haya:

Kwanza, unataka kukaa kwenye kamati gani, na kwa nini? Anayetaja kamati kwa jina amefikiria kazi.

Pili, ni ahadi gani ya waziri kuhusu mifereji ya Kawempe utakayoifuatilia, na utatuletea majibu lini?

Tatu, utaisaidia vipi sheria ya wapangaji ifike kwenye vyumba vya pango dogo?

Nne, ukiwa mgonjwa au matatani, ofisi yako ya jimbo itaendelea kupokea barua zetu? Nani ataifungua?

Mgombea akijibu, “Nitachimba mtaro,” mkumbushe Ibara ya 93. Akijibu, “Sina la kufanya, serikali si yetu,” mkumbushe kamati.

Kama hujui makazi yako yako Kawempe Kaskazini au Kusini, mwenyekiti wa LC1 atakueleza. Barua ya mtaa iwe na tarehe, jina la zoni, mahali hasa palipoziba na saini za wakazi, na nakala moja ibaki kwa LC1. Mvua zitanyesha tena, na barua yenye tarehe ndiyo mbunge anaweza kuinyanyua mbele ya kamati.